Pawatila ya Lyamkena

Basi lilipotoka Njombe, mama aliyekaa mbele yangu alimwambia mzee wa pembeni yake kwamba anakwenda Lyamkena kununua pawatila iliyotumika, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, pamoja na plau na tela lake.

“Usinunue, mama,” alisema mzee. “Mimi ninayo. Msimu wa pili tu giaboksi ikafa. Sasa kuku wanatagia juu yake.”

“Oili ulikuwa unabadilisha?”

Mzee aligeukia dirishani, kwenye mashamba ya chai. “Nilikuwa naongeza.”

“Mimi nimejifunza kwa fundi pale Mdandu. Nimeifungua ya kwake na kuifunga mwenyewe.”

“Na ikikuzimikia shambani, uko peke yako?”

“Peke yangu nimeshazoea, baba. Mume wangu alifariki viazi vikiwa havijapaliliwa, nikapalilia mwenyewe. Mwaka huu mgongo umekataa jembe. Shamba siliachi.”

Mzee akasema taratibu, “Basi hakikisha wanaiwasha ikiwa ya baridi. Ukikuta wameshaipasha moto, wanakuficha kitu.”

Gari liliposimama Lyamkena, mama alishuka. Mzee, aliyelipa nauli ya kufika Makambako stendi, mbele zaidi, alichukua mfuko wake akamfuata, huku bado akimwambia asinunue.