Nani Atamnyoa Nerima

Kijiwe chetu ni ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya ngoma mbili za breki, karibu na kizuizi cha forodha cha Busia, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Ukitaka kahawa utaipata, ukitaka uongo utaupata, na ukitaka kazi ya maana endelea na safari yako. Mwenye birika ni Mzee Yahya. Bondi ni ajenti wa forodha. Jina lake la ubatizo ni Kizito, lakini ni mama yake tu anayelikumbuka. Spea ni Okiror, taniboi, utingo wa malori, aliyezeeka kabla ya kupewa usukani. Japheth tunamwita Katekista, cheo ambacho kanisa lenyewe halijampa. Mimi ninatengeneza baiskeli za boda hapo kando, ndiyo maana nayasikia yote. Wa tano wao alikuwa Wabwire, dereva, na huyo tulimzika juzi kwao Sigalame, baada ya lori lake kupinduka kwenye mteremko wa Timboroa. Nafasi yake kwenye ubao ilikuwa bado wazi. Hakuna aliyesema iachwe wazi, na hakuna aliyeikalia.

Mkabala na ubao kuna jiko la mandazi la Nerima, bibi wa pili wa Wabwire. Siku hiyo jiko lilikuwa baridi. Nerima alikuwa amekwenda Sigalame na watoto wake wawili, kwa sababu ilikuwa siku ya kunyoa wajane. Kwetu huku mjane hunyolewa na watu wa mumewe, mbele ya macho ya watu, na wembe ukishapita anaingia nyumba za watu, anapika, anauza, anaishi. Kabla ya hapo kifo bado kimo kichwani mwake, na hapana mtu atakayetia andazi lake mdomoni. Tulijua amekwenda kutafuta wembe huo. Tulijua pia kwamba Wabwire alikuwa na bibi mwingine, Mildred, wa pete na kanisa. Kwa hiyo, badala ya kusema tulichokuwa tunakiogopa, tulizungumza habari za Bunge.

Redio ya Mzee Yahya ilikuwa imetangaza asubuhi kwamba mswada wa ndoa umerudi.

Spea: Bondi, wewe ulisoma. Hiyo sheria inataka nini hasa?

Bondi: Inataka bibi wa pili naye atambuliwe. Saa hii mtu akioa kwa pete, yule mwingine serikali haimwoni. Hata azae watoto wajaze lori, haimwoni.

Spea: Na iko na macho?

Bondi: Ni maneno ya mzigo, bwana. Mzigo ukipita kastamu, huo ni mzigo. Ukipita kichakani, hata kama ni sukari nyeupe namna gani, ni magendo.

Katekista: Hapo umesema. Bibi wa pili ni magendo.

Yahya: Chunga mdomo, Japheth. Mimi niko na wawili, Shamsa na Kadija, na kadhi anawajua wote. Dini yetu inasema hata wanne, sharti uwatendee sawa.

Spea: Na wewe unawatendea sawa, mzee?

Yahya: Wote wawili hawaongei na mimi. Hiyo si sawa?

Tukacheka kidogo. Kisha mtu mmoja akatazama ile nafasi wazi, na sote tukaitazama.

Bondi: Mimi ningekuwa mbunge ningemaliza hii maneno asubuhi moja. Bibi wa kwanza apite bure. Wa pili alipiwe ushuru. Wa tatu, mume mwenyewe afungiwe godauni mpaka aeleze vizuri anampeleka wapi.

Spea: Hapana. Madereva wawe na sheria yao. Lori halilali pahali pamoja. Mombasa bibi, Nairobi bibi, Eldoret bibi, hapa bibi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Katekista: Hiyo ni ya akiba.

Spea: Na bibi si akiba?

Katekista: Mimi nasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi.

Spea: Fahali ni dume, Katekista. Hapa tunaongea juu ya majike, na hao wanakaa hata kumi, ukiwapa majani. Sikiza dawa. Mtu ajenge nyumba juu ya mpaka wenyewe. Mlango mmoja Kenya, mlango mmoja Uganda. Bibi wa pete alale upande huu, wa pili alale upande ule. Polisi wa Kenya wakija, wanakuta bibi mmoja. Wa Uganda wakija, pia mmoja.

Katekista: Na Mungu akija?

Spea: Mungu anajua huu mpaka ulichorwa na Mzungu.

Bondi: Na yeye bwana atalala wapi?

Spea: Katikati. Kichwa huku, miguu kule.

Katekista: Wabwire angekuwa hapa, angesema hiyo nyumba itajengwa na...

Mzee Yahya alimimina kahawa kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Ninyi mnaosikiliza hamjui kwa nini jina hilo liliwanyamazisha, kwa hiyo nitawaambia. Wabwire alipomtaka Nerima aliogopa kuwaambia baba zake wadogo, maana ndio waliosimama naye kanisani siku ya Mildred. Mtu bila ukoo haendi kuposa. Basi akaazima kijiwe. Bondi alivaa koti akawa baba mdogo. Spea, ambaye ni Mteso na hajui Kisamia cha kina Wabwire hata cha kuombea maji, akawa ndugu wa tumbo moja, akaonywa asifungue mdomo ila kwa kula. Mzee Yahya akawa mkuu wa ukoo kwa sababu ya ndevu. Waliswaga ng'ombe mpaka Bumala kwa baba yake Nerima, wakapewa viti vya mbele, Mzee Yahya akachinja mbuzi kwa mkono wake, wakaitwa wakwe. Katekista alikataa kwenda kwa ajili ya imani yake, lakini mguu wa mbuzi uliorudi aliuguguna mpaka mfupa ukang'aa. Mimi niliachwa nichunge birika.

Miaka yote hiyo lilikuwa jambo la kuchekesha. Wabwire akirudi kutoka Mombasa alimwita Bondi "baba mdogo" kwa sauti kubwa, na Bondi alikuwa akimbariki kwa gazeti lililokunjwa.

Nerima alifika jua likiwa limepita utosi, nyuma ya baiskeli ya boda, peke yake. Kitambaa cheusi kichwani. Alishuka, akasimama upande wa jiko lake, hakuja kwenye ubao.

Nerima: Hamjambo, wazee.

Yahya: Hatujambo, mama. Pole na safari. Watoto wako wapi?

Nerima: Nimewaacha Bumala kwa mama.

Yahya: Na kule Sigalame wamekunyoa?

Akavuta kitambaa nyuma. Nywele zilikuwa pale pale, na majivu ya matanga bado ndani yake. Sijawahi kuona nywele zikanitia huzuni namna ile.

Nerima: Mildred amenyolewa. Watoto wake wamenyolewa. Mimi nilikaa chini nyuma yake na wangu wawili. Mzee wa wembe alipofika kwangu akauliza, huyu ni nani?

Spea: Na Mildred alisema nini?

Nerima: Hakusema kitu kibaya. Alitazama chini tu. Yeye pia amefiwa.

Yahya: Na wazee wa ukoo?

Nerima: Hawakunitukana. Walinipa hata maji. Wakaniuliza, ni nani wa ukoo huu alikula kwa baba yako? Kama yuko, aseme, tukunyoe. Nikasema baba mdogo Kizito. Nikasema Okiror. Nikasema Mzee Yahya. Wakaangaliana. Mmoja akaniambia, mwanangu, hao si watu wetu. Hao ni watu wa kahawa.

Bondi alianza kulikunja gazeti, akaona mikono yake inafanya nini, akaliweka chini.

Nerima: Mimi nilijua tangu zamani nyinyi si damu yake. Si mimi mtoto. Lakini baba wa watoto wangu aliniambia, hawa wakila, ukoo umekula. Nikaamini. Mzee akasema, basi waliokuoa ndio wakunyoe.

Akafungua fundo la leso yake, akatoa wembe mpya, bado kwenye karatasi yake. Akavuka, akauweka kwenye ubao, mahali pa Wabwire, akarudi upande wa jiko lake.

Nerima: Nimeuleta.

Lori moja liliwashwa kwenye foleni, likasogea kidogo, likazimwa.

Katekista: Mama, usilie. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nerima: Sijalia. Unanyoa wewe?

Katekista: Mimi... kanisa halikubali. Na mimi sikwenda Bumala.

Nerima: Mguu wa mbuzi ulikujia.

Katekista akakitazama kikombe chake.

Spea: Shemeji, mimi ni Mteso. Wembe wangu hauwezi kutoa kifo cha Msamia. Kitakwama tu hapo. Na watu watasema nimekurithi, na bibi yangu unamjua.

Nerima: Siku ile ulikuwa ndugu wa tumbo moja.

Spea: Niliambiwa nisiongee.

Yahya: Mwanangu, kwetu mjane anakaa eda. Hakuna wembe. Ningejua namna ya kukusaidia ningekusaidia. Wallahi roho inaniuma.

Nikamtazama Mzee Yahya na nikaona ni kweli, roho inamuuma. Lakini mikono yake ilikuwa imeshikana mgongoni.

Bondi: Tungoje kidogo, mama. Hii sheria iko Bungeni saa hii tunapoongea. Ikipita, serikali itakutambua. Utakuwa bibi kamili. Hata wale wa Sigalame hawatakuwa na la kusema.

Nerima: Ikipita, Bunge litaninyoa?

Bondi: Kunyoa, hapana. Lakini utakuwa na haki yako.

Nerima: Nina watoto wawili, Kizito, na unga wa mandazi nilioukanda siku alipokufa umeoza kwenye beseni. Hakuna nyumba ninayoweza kuingia hapa Busia. Kwa mama nimelala nje, jikoni. Hapa mwenye nyumba ninayopanga ananipitia mbali. Wabwire nimempikia, nimemfulia, nimemfunga vidonda akitoka njiani, na leo siruhusiwi hata kuwa mjane wake. Mimi siulizi habari ya haki. Mimi nauliza kitu kidogo.

Akawatazama mmoja mmoja. Alinitazama na mimi, pale nilipochuchumaa na gurudumu la mtu mkononi, kisha akaniacha. Nilishukuru moyoni kwamba mimi sikwenda Bumala, na shukrani hiyo haijawahi kunipa raha.

Nerima: Siku ile, kwa baba yangu, mlipokaa kwenye vile viti, mlikuwa nani?

Bondi, ambaye ana jibu la kila afisa wa pande zote mbili za mpaka, aliinama kufunga kamba za kiatu. Spea alikuwa anahesabu malori kwa macho. Redio iliendelea kusema, mheshimiwa mmoja anapinga, mheshimiwa mwingine anaunga mkono, mpaka Mzee Yahya akainyamazisha.

Kisha akainama, akainua birika kutoka kwenye makaa.

"Kahawa imekwisha," akasema.

Birika lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimelijaza mimi mwenyewe kabla Nerima hajafika, na nililiona linavyomlemea mkono. Lakini Bondi akainuka, akajipangusa suruali. Katekista akakumbuka mgonjwa wa kutembelewa. Spea akasema lori lake linakaribia mbele, na lori lake lilikuwa limevuka tangu jana. Waliondoka kila mtu njia yake, Mzee Yahya na birika lake, na hakuna aliyekanyaga karibu na wembe.

Nerima alivuka barabara. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuja akaketi kwenye ubao wetu, mahali pa mumewe. Akaushika wembe mapajani, akavua kitambaa chote, akanipa kisogo mimi niliyebaki, akainamisha kichwa.

Alikaa hivyo, anangoja.