Barua ya Pabisara Bado Ipo Mtandaoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, Mwalimu Mkuu, walimu mliohitimu leo mafunzo ya kutengeneza tovuti za darasa, na ninyi wazazi wenzangu mlioketi nyuma karibu na mlango, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mimi ni Jit Bahadur Ale, baba yake Pabisara. Nabeba matofali Doha, huu mwaka wa tisa. Nimeitwa niseme, kwa niaba yetu tulio ng'ambo, jinsi tovuti ya darasa ilivyotufaa. Mwalimu Mkuu aliniambia jana, "Sema mazuri, kaka Jit, wageni wametoka mbali." Nitaanza na mazuri, kwa sababu yapo.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwaka jana Pabisara alipoingia la sita, na ukurasa wa darasa lake ukafunguliwa, nami niliingia la sita. Ukurasa ulikuwa mwepesi, ulifunguka hata kwenye simu yangu mbovu. Kazi ya nyumbani iliandikwa kwa tarehe, na juu yake mfano mmoja uliokwisha kufanywa. Niliisoma wakati wa kupumzika, kisha nikampigia.

"Baba, nusu ukijumlisha na robo ni ngapi?"

"Sita."

"Huko wanakubebesha matofali kwa kichwa nini?"

Alinicheka mpaka akakohoa. Lakini alinifundisha. Kwa miezi minne nilikuwa baba mwenye kazi ya kufanya nyumbani kwake. Walimu, mkitaka kujua tovuti ya darasa ni ya nini, ni ya hilo.

Kisha ikaja ile siku yetu ya kumtazama baba usoni, sikukuu ambayo kila mtoto humwendea baba yake kumheshimu. Mwalimu Devaki, aliyekaa pale mstari wa mbele, aliwatazama wanafunzi wake akaona nusu yao hawana uso wa kutazama, maana baba zao wako Doha, Malesia, Dubai. Akawaambia, "Andikeni barua, mseme ukweli, baba zenu wataisoma popote walipo." Akampa Mwalimu Tikaram, aliyeutunza ukurasa wa darasa, barua zote, naye akazipandisha kwenye ukurasa, kila moja na picha ya mtoto, jina lake, kijiji chake na jina la baba yake. Nani angeona ubaya hapo? Mimi mwenyewe nisingeuona.

Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Kambini tuko watu arobaini wa mabonde haya. Mtandao ulikuwa unasuasua, simu ya Lok Bahadur ndiyo iliyoshika, basi tukamzunguka tukamwambia asome kwa sauti. Akasoma ya mwanawe, tukacheka. Akasoma ya mtoto wa Gharti, Gharti akatoka nje kunawa uso. Kisha akasoma ya kwangu.

"Baba, leo ni siku ya kukutazama usoni. Uso wako sijauona tangu nikiwa darasa la tatu. Mama hayupo. Tangu tulipopanda mpunga hayupo. Bibi kasema nisikuambie, lakini mwalimu kasema tuandike ukweli."

Lok Bahadur akaishusha simu. Mmoja kutoka kona ya chumba akasema, "Jit anawajengea watu huku, wenzake wanambomolea kule." Wakacheka, na wengine hawakucheka. Waliokaa kimya ndio walioniumiza zaidi.

Ukweli ni huu, na leo nausema mbele yenu kwa sababu uongo mmeshausikia wote. Mke wangu Sunkesari aligombana na mama yangu, akaenda kwao. Hilo tu. Kaka yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshafunga mzigo wa kurudi. Lakini barua ile ilikwisha kutumwa simu hadi simu, na kila aliyeituma aliongeza lake. Ilipofika sokoni, ikawa Sunkesari ametoroka na dereva. Dereva gani? Hakuna aliyemtaja jina mpaka leo. Nami, mume wake, badala ya kumwuliza, nilimpigia nikamwambia, "Kaa huko huko uliko." Hakukaa. Sasa yuko Kuwait, anafanya kazi za ndani, na simu yangu haipokei.

Kwa hiyo sikuja hapa kumtupia Mwalimu Devaki mzigo wote. Kati ya wote waliosoma barua ile, ni yeye peke yake aliyepanda mpaka nyumbani kwangu nilipokuja likizo. Alikaa barazani, chai ikapoa mkononi. Akasema, "Kaka, nilitaka muonane." Nikamjibu, "Tumeonana, mwalimu." Nilimjibu vibaya. Naomba radhi hapa hadharani.

Mtaniuliza, je, hukuombwa ridhaa? Karatasi ilikuwapo. Siku ya kuandikisha watoto, mama yangu aliweka dole gumba. Hajui kusoma, na karatasi zilikuwa tatu. Alidhani zote ni za chakula cha mchana cha shule. Dole lake liko kabatini kwa Mwalimu Mkuu, wino haujafifia, nalo ndilo linaloitwa ruhusa.

Na mtoto? Kisimani wanawake wanamnyooshea kidole, "Ndiye huyo aliyemwandika mamaye." Darasani wenzake waliijua barua kwa moyo, wakawa wanamsomea. Akaacha shule kabla ya baridi kuingia. Nimekaa naye likizo hii ya miezi miwili, sijamwona ameshika kalamu. Nilimbembeleza, akaniambia, "Nitarudi wakiitoa, baba."

Nikaona hilo ni jambo dogo. Kumbe Mwalimu Tikaram alikwenda Korea mwezi mmoja baada ya kuzipandisha barua, na neno la siri la kuufungulia ukurasa alikuwa nalo yeye tu. Tukampata kwa kupitia mama yake. Akasema amelisahau, na simu ambayo ingemsaidia kulirejesha aliiuza Kathmandu siku ya kuondoka. Shule imewaandikia wenye mitambo inayohifadhi ukurasa mara mbili, nao wamejibu mara mbili kwamba aombe mwenye ukurasa. Shuleni hakuna aliyejua kwamba ukurasa wa watoto thelathini na wanne ulikuwa mali ya mtu mmoja, hapa ambapo kila anayejua kitu anaondoka.

Ndugu walimu, nimeitazama ratiba yenu pale ukutani. Siku ya kwanza, rangi na herufi. Ya pili, picha. Ya tatu na ya nne, kuwavutia wasomaji. Kumwuliza mtoto na mzazi kumewekwa siku ya tano, nusu saa, kabla ya chai. Je, mtoto akisema hapana, mmefundishwa mfanye nini? Akisema ndiyo leo na hapana kesho, nani kati yenu ataweza kuutoa ukurasa? Neno la siri mmelikabidhi kwa watu wawili, au mnalo kichwani kama Tikaram? Sidai majibu. Mimi narudi Doha Jumanne, na sina tumaini kwamba barua ile itatoka kabla mwanangu hajawa mtu mzima. Nawaomba tu msitengeneze nyingine. Wekeni kazi ya nyumbani, wekeni mfano uliofanywa. Nyuso za watoto ziacheni.

Asubuhi nilimwambia Pabisara aje akae nami humu ukumbini. Akaniuliza, "Watapiga picha?" Nikamwambia sijui, nitauliza. Tumefika pale mlangoni, nikamwuliza ndugu mpiga picha. Akanijibu kwa furaha, "Bila shaka, kaka, na jioni zote zitakuwa mtandaoni."

Basi nimeingia peke yangu. Ahsanteni kwa kunivumilia.