Bwana Mabua, Mtafuta Bua Tamu na Suke Zito

"Mama, hivi mumeo ana nini? Mbona anauvalisha mtama kofia?" Jirani aliniuliza hivyo juu ya ukuta wa uani, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilicheka tu, maana hata mimi sikujua. Baadaye marehemu alinieleza kwamba mifuko ile ya karatasi aliyoivisha masuke huzuia vumbi la maua ya mtama mwingine lisiingie kwenye suke alilolichagua.

Marehemu mume wangu, ambaye wengi mlimwita Bwana Mabua, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Mama mkwe alizoea kusema kwamba huyu alianza kutembea mapema na hakuketi tena. Shuleni aliadhibiwa sana kwa kutoroka darasani. Wakimtafuta, yuko bustanini. Hata hivyo alifaulu, akasomea kilimo, akahitimu mwaka 1987.

Mwaka huohuo aliajiriwa kituo cha utafiti wa mbegu. Huko alishikwa na mtama mtamu, ule ambao bua lake hutafunwa kama muwa. Wenzake waliuona ni wa watoto kuchezea. Yeye aliona unga, sukari na chakula cha ng'ombe katika mmea mmoja, tena mahali ambapo muwa hukauka. Shida ni kwamba wenye bua tamu ulikuwa na suke jepesi. "Nataka vyote viwili kwenye shina moja," alisema, na hilo likamnyima usingizi maisha yake yote.

Tulifunga ndoa tarehe 6 Mei 1989. Alifika kanisani mbio, nyusi zimejaa vumbi la njano, kwa kuwa mtama huchanua alfajiri. Mama yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, unaolewa na nyuki?"

Mwaka 2011 alipata mstari mmoja, yaani ukoo mmoja wa mbegu, wenye bua tamu na suke zito. Vibarua wapya, wakati wa chai, wakautafuna wote. Tulijiandaa kusikia matusi. Yeye akawauliza, "Ulikuwa mtamu?"

"Mzee, acha tu! Ule mtama wa pembeni hauoni ndani kwa utamu."

"Basi utafiti mmeshaufanya. Sasa nionyesheni visiki."

Visiki vikachipua, kwa neema ya Mungu, na kila msimu akapanda, akachagua, akapanda tena. Alipostaafu, kituo kilimruhusu kuendelea nyuma ya nyumba yetu. Akiba ya ghalani ililiwa na wadudu. Mbegu yote iliyobaki ni hiyo iliyosimama shambani leo.

Ini lilianza kumsumbua Desemba 2023. Wodini hakutulia. Muuguzi akamwambia, "Baba, kwani kitanda hiki kina miiba?" Akajibu, "Kina msimu unaonipita, binti yangu." Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, nikimsomea Zaburi. Alinikatiza mara mbili kuuliza kama mvua imenyesha.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Bwana ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.

Aliniomba niwasomee maneno yake haya:

"Msinililie siku nyingi. Masuke yamekomaa, na mvua ikiyakuta yataota ukungu. Mkishanizika, kesho yake asubuhi nendeni mkavune. Na msichanganye mistari."