Jina la Tovuti Nililoliacha Life

Ndugu zangu wa Bungoma, amani iwe nanyi. Mwenyekiti wenu ameniarifu kwamba chama chenu kinafungua tovuti juma hili. Basi nimetoka Kitale kuja kuwaeleza jinsi tulivyoipoteza ya kwetu. Sitamtaja mtu kwa jina. Mkosaji mnamwona, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Nilikuwa mwalimu hadi nilipostaafu, na neno nililolichukia kuliko yote darasani lilikuwa "wanasema". Mtoto akiniambia, "Mwalimu, wanasema kesho hakuna masomo," nilimuuliza: nani amesema, wapi, na barua iko wapi? Tabia hiyo niliingia nayo katika chama chetu cha kuotesha miche ya avokado. Wenzangu wakaiheshimu, wakanikabidhi usajili wa jina la tovuti. Niliandika anwani yangu ya barua pepe peke yake, na neno la siri nikaliweka kichwani mwangu.

Nawaambieni, jina la tovuti halinunuliwi kama jembe likawa lako daima. Unalishika kwa muda, kama kibanda cha sokoni. Muda ukiisha hujalilipia upya, anaweza kuingia mwingine. Nilielezwa hayo. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, ikaja barua pepe: jina lenu linakwisha muda, lilipieni. Nikaifuta. Ikaja nyingine, nikaifuta pia, kwa kuwa nilikuwa nimewaonya wanachama mara nyingi juu ya matapeli wanaotuhimiza kulipa haraka haraka. Nikatamka mkutanoni kwa fahari, "Mwenye neno la kweli ataniandikia barua yenye mhuri." Kila Ijumaa nilikwenda posta ya Kitale, nikafungua sanduku langu, nikalikuta tupu, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Mnacheka. Chekeni tu, mimi ilinichukua muda mrefu kuweza kucheka.

Mvua zilikuwa zinakaribia, na simu za wateja waliozoea kutupata kupitia tovuti zikakoma. Katika chama chetu yumo mama mjane ambaye miche yake ilikuwa mingi kuliko ya sisi sote. Alitegemea kuiuza msimu ule ili binti yake aingie chuo cha uuguzi. Nanyi wakulima mnajua kwamba mche haungoji. Ukikaa mno, mizizi hutoboa mfuko ikashika ardhi, na ukiuinua inakatika.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee mwenzangu wa kanisa alinivuta kando.

"Mwalimu, ati siku hizi unabeti?"

"Nani amesema?"

"Si wanasema tu, bana. Ati ukifungua tovuti yenu ni kamari tupu. Mche hata mmoja hakuna."

Nilimkemea aache umbea. Ndugu zangu, simu ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuifungua tovuti!

Siku ya soko nilikwenda Chwele kutafuta wateja. Mfanyabiashara aliyezoea kununua kwetu aliponiona alipaza sauti, "Kuka!" jinsi mnavyowaita babu zenu. "Kuka, leo timu gani inashinda? Tuambie na sisi tutajirike!" Safu nzima ya wauza vitunguu ikaangua kicheko. Nilitoka pale nikaja moja kwa moja hapa mjini, kwa mwanafunzi wangu wa zamani, mama mwenye duka la kompyuta karibu na reli.

Akaifungua tovuti. Jina lilikuwa letu. Chini yake palikuwa na gurudumu la kamari likizunguka.

Kisha akanionyesha barua nilizozifuta, zikiwa bado kwenye kapu la taka la barua pepe yangu, akazisoma moja moja. "Mwalimu, hizi ni za kweli. Zimetoka kwa kampuni ileile mliyosajili nayo."

"Nilijua ni matapeli."

"Ulijuaje? Ulitufundisha tusiamini neno kabla ya kulichunguza. Hili ulilichunguza?"

"Sikulichunguza. Nilikataa tu."

"Pole, Mwalimu," akasema, akanimiminia chai. "Muda wa kulikomboa umepita, na lina mwenyewe sasa. Tusajili lingine."

Katika kiti kile nilitambua kwamba kukataa bila kuchunguza ni uvivu uleule wa kuamini bila kuchunguza. Maisha yangu yote nilidai ushahidi kwa kila mtu, isipokuwa kwangu mwenyewe.

Nilikwenda kukiri mbele ya chama. Nilitarajia yule mama mjane anilaani. Alinitazama, akasema, "Umesema, Mwalimu, tumesikia. Sasa njoo tupakie." Soko baada ya soko tulipeleka miche yake Chwele kwa pikapu, nami nikasimama na koti langu la kanisani, nikimweleza kila mnunuzi kwamba ile tovuti si yetu tena, na kumwonyesha jina jipya kwenye kipande cha katoni. Mingi iliuzwa. Mingine ilikuwa imekwisha kukatika mizizi. Binti yake aliingia chuoni, lakini alichelewa muhula mzima, na muhula ule siwezi kumrudishia.

Namshukuru mwanafunzi wangu aliyeniuliza swali langu mwenyewe. Namshukuru yule mzee mwenzangu, nami nimekwisha kumwomba radhi. Zaidi ya wote namshukuru mama aliyenipa kazi badala ya laana.

Nanyi, jina lenu msimwachie mtu mmoja, hata awe na elimu gani. Kwetu sasa barua za kukumbusha malipo huwafikia watu watatu. Ikija, hatubonyezi kitu ndani yake wala hatuifuti; tunafungua wenyewe tovuti ya kampuni tuliyosajili nayo, tunatazama. Na kila mkutano, baada ya sala na kabla ya kumbukumbu, tarehe ya jina letu kuisha husomwa kwa sauti.

Mkutano uliopita msomaji alikuwa yule mama mjane. Alipomaliza nilisema, "Nimeridhika." Akaniinulia macho.

"Umeiona mwenyewe, Mwalimu, au wanasema?"

Nikasimama, nikavaa miwani, nikaenda kuitazama.