Simsim Niliyoiita Mbegu

Amani ikae nanyi nyote, hata nyinyi wawili hapo karibu na mlango mliokunja mikono mliponiona nikisimama. Kaeni mlivyo. Ningekuwa nyinyi, ningekunja pia.

Nimeombwa nishuhudie, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitataja jina la mtu. Ukijitambua katika maneno yangu, tulia tu kwenye kiti chako; jirani yako hana haja ya kujua. Anayestahili kutajwa kwa ubaya ni mmoja, naye ndiye ameshika kipaza sauti.

Wengi wenu mnaniita Mzee Mbegu. Wageni waliokuja leo labda wanadhani ni jina la heshima, kwamba nilikuwa mkulima hodari. Sikuwa mkulima. Nilikuwa karani wa stoo ya reli mpaka nilipostaafu, na maisha yangu yote ya kazi yalikuwa karatasi. Hakuna mtu aliyechukua hata msumari kwangu bila fomu, na fomu ikiwa na kosa nilimrudisha nayo mbele ya wenzake huku nikimwambia, "Soma kwanza, ndiyo uweke sahihi." Kumbukeni maneno hayo.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Kikundi chetu hapa Lucky Summer, Nairobi, hutengeneza vibonge vya simsim kwa sukari guru. Akina mama wanakaanga na kufinyanga, kisha wanapeleka soko la Muthurwa kuuza. Zamani simsim tuliinunua kwa wachuuzi wa hapa mjini, na ilikuja na mchanga. Mteja mmoja alivunjika jino, akarudi nalo mkononi akitaka kujua nani atamlipa. Siku hiyo tukaamua tuifuate simsim yenyewe kule inakolimwa, ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Mimi nimezaliwa upande wa Busia, pale pale mpakani. Nikasimama nikasema, "Hiyo kazi niachieni mimi. Karatasi nazijua."

Kila mmoja akatoa sehemu yake ya pesa. Mnajua desturi ya kanisa letu: ukitoa kitu cha kuanzisha jambo, tunasema umepanda mbegu. Tukaiombea mbegu ile, tukaiimbia. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema simsim tena. Kila mtu aliuliza, "Mzee, mbegu yetu imefika wapi?" Nami nikajibu, "Mbegu iko njiani."

Ndugu zangu, nawaambia, kuna maneno mazuri sana hapa madhabahuni ambayo ukiyapeleka mpakani yanakuwa kesi.

Sheria yenyewe si ngumu. Ukitaka kuingiza chakula cha shambani nchini, unaomba kibali mapema, kabla mzigo haujafunga safari. Kule unakotoka, wakaguzi wao wanautazama na kuupa cheti kwamba hauna wadudu wala ugonjwa. Ukifika mpakani, wakaguzi wetu wanashika kibali mkono mmoja na cheti mkono mwingine, halafu wanafungua gunia. Vitu hivyo vitatu lazima viseme jambo moja. Basi.

Nilikwenda kuomba kibali pale kwa saiba, kwa mama mmoja mwenye kompyuta, kwa sababu siku hizi maombi hayaandikwi kwa kalamu. Huku yeye anabonyeza, mimi namshuhudia habari za kikundi chetu na jinsi Bwana alivyotufungulia njia. Akaniuliza, "Mzee, mzigo ni wa nini?" Nikamwambia, "Ni mbegu, binti yangu." Akauliza, "Mbegu ya kupanda?" Nikainua mkono, hivi, kama ninavyofanya nikihubiri. "Ya kupanda! Tumeipanda, Mungu ataiotesha!" Akabonyeza.

Chekeni. Mna haki. Lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Kibali kikatoka. Nikakikunja, nikakiweka ndani ya Biblia, nikakiombea. Sikukisoma. Mimi, karani wa stoo.

Magunia ishirini yakafika upande wa pili wa mpaka, yakawekwa kwenye stoo ya kukodi. Nikaenda dirishani kwa mkaguzi. Alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, hana haraka. Akasoma karatasi zangu, akazisoma tena.

"Mzee wangu, mzigo huu ni wa kula au wa kupanda?"

"Madam, hii ni mbegu ya kikundi."

"Sijauliza ni ya nani. Cheti cha kule kinasema ni chakula. Kibali chako kinasema ni mbegu ya kupanda. Mbegu ya kupanda inataka cheti cha maabara ya mbegu. Kiko wapi?"

"Madam, hii imepandwa tayari. Imepandwa kwa imani."

Akavua miwani. "Imepandwa wapi?"

"Nairobi."

"Bila cheti?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na watu wakaanza kucheka. Damu ikanipanda kichwani. Nikasikia vicheko, sikusikia swali. Nikarudi kesho yake akaniambia yale yale. Siku ya tatu nikapaza sauti ili foleni nzima isikie: "Sema tu unachotaka, Madam! Unataka chai! Mimi ni mzee wa kanisa na chai sitoi!"

Yule mama hakuniomba hata senti. Nasema hapa mbele yenu, hakuniomba kitu. Alisimama, akanyoosha kidole mlangoni. "Toka. Miaka yote nimekaa kwenye hii ofisi sijachukua hata soda ya mtu. Toka kabla sijaita askari. Na huo mzigo usipokuwa na karatasi sawa kufikia Ijumaa, hauingii Kenya."

Nikatoka nikimchukia kwa moyo wote. Nilimwombea mabaya. Ndiyo, mwaweza kuomba mabaya kwa maneno ya Zaburi na mkajiona watakatifu.

Na nyinyi hamkunisaidia. Tusidanganyane. Simu yangu haikupumzika. "Mzee, sufuria zimekauka." "Mzee, kibanda Muthurwa wanataka kukipea mtu mwingine, tumekaa wiki nzima bila kitu cha kuuza." Mmoja alisema, "Hiyo mbegu yako imemea ama umeila?" Kuna mama mmoja, naye yuko hapa, aliyenizidi wote. Huyo ndiye mkaangaji wetu mkuu. Aliniambia, "Umetubeba ufala, Mzee, umetuona wajinga. Nakupea siku mbili. Usiponiambia simsim yetu iko wapi nakuja huko mwenyewe, na hiyo suti yako ya kanisani nitakuvua."

Nikamkatia simu.

Hapo ndipo nilipoanguka. Kuna watu mpakani wanaovusha mizigo kwa baiskeli kupitia njia za panya, mbali na ofisi. Mmoja alinifuata akaniita baba, akaniambia magunia ishirini ni kazi ya mchana mmoja. Nikajiambia kwamba serikali ndiyo imenilazimisha. Nikajiambia simsim ni chakula cha maskini, si bangi. Nikajiambia mengi. Alhamisi, saa tisa mchana, mzee wa kanisa mwenye Biblia kwapani alikuwa kwenye ua wa stoo akishikilia gunia huku mwenzake akilifunga kamba kwenye baiskeli.

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ala! Kumbe unatuibia mchana?"

Alikuwa yeye. Mkaangaji. Amekuja kama alivyoahidi, akiuliza njia stoo hadi stoo, na leso kiunoni. Yule wa baiskeli alimtazama mara moja, akafungua kamba, gunia likaanguka, akaenda zake. Hata mimi ningeenda kama ningekuwa na baiskeli.

"Siibi!" nikamwambia. "Navusha!"

"Unavusha kwa nini kama una kibali? Si ulituambia una kibali?"

"Kibali ninacho! Ni yule mama wa dirishani, ana roho mbaya!"

"Leta nikione."

Nikafungua Biblia, nikampa. Akakikunjua. Mnajua yeye hakusoma mbali shuleni, na mara nyingi nimemsahihisha hapa kwenye mikutano mpaka akanyamaza. Akapitisha kidole polepole, mstari kwa mstari, kama anachagua mawe kwenye mchele. Kidole kikasimama.

"Mzee, umesoma hii?"

"Nimeiombea."

"Sijakuuliza kama umeiombea. Nimekuuliza kama umeisoma."

Ndugu zangu, nimehubiriwa na watu wengi. Hakuna mahubiri yaliyoniingia kama hayo, na yalitoka kwa mtu aliyenichukia, aliyesimama juu ya gunia kana kwamba anamkanyaga nyoka.

"Hapa imeandikwa ya kupanda," akasema. "Ni nani anapanda? Mimi nakaanga! Ni nani alikwambia tunapanda?"

Nikataka kusema ni yule wa kompyuta. Neno lilifika mdomoni. Kisha nikaukumbuka mkono wangu ulivyokuwa juu, nikalimeza. Nikaketi chini pale pale, suti na yote. Niliwaza watu wote niliowarudisha kutoka dirisha la stoo yangu kwa ajili ya herufi moja. Na huyu mkaguzi aliniuliza siku tatu mfululizo, kwa Kiswahili kisicho na fumbo, kula au kupanda, nami nikamwita mwizi.

Mkaangaji hakunifariji. Alisema, "Inuka. Ijumaa ni kesho."

Tukarudi dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, na baadhi yao walikuwa wale wale wa juzi. Nikaona kama nilimtusi mbele ya watu, haifai nimnong'oneze msamaha. Nikasema kwa sauti, "Madam, mzigo huu ni wa kula. Nilikosea mimi. Na neno nililosema juu yako lilikuwa uongo. Naomba msamaha mbele ya hawa walionisikia."

Hakutabasamu. "Msamaha nimeusikia," akasema. "Kibali bado sijakiona. Futa hilo ombi, uombe upya kama chakula. Na umwambie anayekuandikia asikilize jibu, si mahubiri."

Mkaangaji, kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza: "Nampenda huyu."

Ombi jipya tulilipeleka jioni ile ile kwenye saiba ya pale mpakani, na safari hii mkaangaji alisimama nyuma ya kiti changu akirudia kila swali kama askari. Mzigo ni wa nini? Wa kula. Nani atakula? Watu. Sikuongeza neno. Mkaguzi alituandikia kwamba ombi liko njiani, mzigo ukapewa siku chache zaidi. Siku hizo tulikaa kwa dada yangu. Yeye na mkaangaji walipika pamoja na kunisema mbele yangu kana kwamba sipo.

Kibali kilipotoka nilikisoma mara nne. Mkaguzi akavuka, akaungana na wakaguzi wa kule, akafungua magunia moja moja, akatia kifaa ndani, akanusa, akachukua sampuli. Magunia manne yalikuwa yameshika unyevu kule stoo wakati mimi nikigombana dirishani. Yalikuwa na ukungu. Akayakataa, yateketezwe. Mkaangaji alitaka kupigana naye. Nikamshika mkono kwa mara ya kwanza.

"Ukungu huo mtu akiula unamdhuru ini," mkaguzi akatueleza. "Mnataka kumuuzia mteja wenu huo?"

Nikaweka sahihi ya kuteketeza. Baada ya kusoma.

Magunia kumi na sita yakafika hapa. Hamkunipigia makofi, wala sikutarajia. Mliyashusha mkiwa mmenigeuzia mgongo, na mtu mmoja akauliza kwa sauti manne yameenda wapi. Nikamwambia ukweli: yalioza kwa sababu ya mdomo wangu. Benchi la wazee likaniambia nipumzike kwa muda, nami nikapumzika. Lilikuwa jambo la haki. Lakini sufuria zikawaka, na kibanda cha Muthurwa hatukukipoteza.

Namshukuru Mungu, aliyenitumia adui ambaye nilimhitaji. Namshukuru mama wa kompyuta, ambaye niliporudi kumwomba radhi kwa lawama niliyomwekea moyoni alishangaa kwa sababu hakujua kama nimemlaumu. Namshukuru mkaguzi, popote alipo na miwani yake. Alitulinda sisi na mteja wetu, na hatukumlipa ila kwa matusi. Na namshukuru mama wa leso kiunoni. Bado hanipendi sana. Wiki iliyopita tulipoomba kibali cha mzigo wa tatu alinyang'anya karatasi mkononi mwangu akasema, "Lete, wewe utaiombea."

Nami nikaiombea, yeye akaisoma. Ndivyo tunavyofanya sasa, na hakuna mzigo uliorudishwa.

Kama kuna fundisho, ni hili dogo. Mtu akikuuliza swali, mjibu hilo aliloliuliza. Usimjibu lile unalopenda kulisikia likitoka kinywani mwako. Imani yangu haikupungua siku niliposoma karatasi. Ilipungua siku niliposhika gunia lifungwe kwenye baiskeli.

Sasa mtaona sahani inapita kati yenu. Ni vibonge vya mzigo huu mpya, havina mchanga, tafuneni bila woga. Nyinyi wawili wa mlangoni, kunjueni mikono mchukue. Na mgeni akiwauliza Mzee Mbegu amewapa kitu gani, tafadhali, kwa ajili yangu, mwambieni ni cha kula.