Kaburi Nililomnunulia Binti Yangu

Ndugu zangu, akina mama wenzangu, nashukuru mmenipa nafasi. Sitataja jina la mtu, wanaojijua watajijua. Na naomba msiniambie nitulie, kwa sababu nimekuja hapa na hasira na nitaondoka nayo.

Binti yangu aliolewa upande wa Homa Bay. Alikaa huko miaka tisa, akipigwa. Siku aliyovunjwa mkono alifunga nguo zake akaenda Masara, akawa anawapikia wachimba dhahabu. Alijisimamia, hakumsumbua mtu. Kisha akaugua kifua, na kabla hatujaambiwa ni ugonjwa gani, akafia mikononi mwangu hospitalini.

Niliwapigia wakwe zake simu. Wakasema aliondoka kwa miguu yake, hawamjui tena. Sawa. Nikaenda kwa shemeji zangu, kwenye boma la marehemu mume wangu karibu na Rongo, mahali binti huyo alipozaliwa, nikawaambia tuchimbe kaburi. Wakaita kikao. Ndugu zangu, mwili uko mochari, na wanaume wanakunywa chai yangu wakijadili kama mtoto wangu anastahili udongo. Mkubwa wao akatoa uamuzi: mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake. Akizikwa, iwe nje ya ua, kule kwenye mikonge, alfajiri kabla watu hawajaamka.

Nilisimama. Kwetu mwanamke hasimami kwenye kikao kama hicho, lakini nilisimama nikamuuliza, "Shemeji, alipokuwa akikutumia dawa ya presha kutoka Masara, alikuwa mtu wa nje ya ua?"

Alitazama kikombe chake. Nikatoka.

Sasa niwaambie ukweli, sisi hatujui kununua kaburi. Kwetu kila mtu huzikwa nyumbani, na makaburi ya mjini tunayaita ya watu wasio na mtu. Niliona aibu hata kuuliza njia. Aliyenishika mkono ni jirani yangu wa sokoni, mama Mwislamu anayeniuzia vitambaa ninavyoshona. Wao wamezoea kuzika makaburini. Alifunga duka lake mchana kweupe, akaniambia, "Mama, usilipe chochote kabla hujasimama pale utakapomlaza. Na uandikiwe."

Kwenye ofisi ya makaburi ya mji karani hakuinua kichwa. Aliuliza, "Kwani huyu marehemu hana kwao?"

Nikasema, "Kwao ni mimi. Andika."

Akatupeleka chini, karibu na mtaro, mahali wanapofukia miili isiyo na wenyewe. Udongo ulikuwa mweusi, mguu unazama. Jirani yangu akachomeka kijiti, shimo likajaa maji. Karani akasema mahali ni mahali tu, aliyekufa haoni. Nikamwambia mimi naona. Nikayazunguka makaburi yale yote kwa miguu, naye akinifuata akilalamikia jua, mpaka nikafika juu kwenye udongo mwekundu, mkavu. Nikalala pale chali, na gauni langu la kanisani, nione kama panatosha. Tulikuwa urefu mmoja, mimi na binti yangu. Nikasema, ni hapa. Nikalipa, wakaandika jina lake na namba ya kaburi, wakanipa karatasi, na jirani yangu akaisoma mara mbili kabla hatujatoka.

Tulimzika watu kumi na mmoja. Mchungaji alituma salamu kwamba ana safari. Watatu kati yetu walikuwa wachimbaji kutoka Masara, vumbi la mawe bado liko kwenye nywele, na hao ndio walioimba.

Baada ya hapo nilianguka. Miezi minane cherehani yangu ilikaa imefunikwa. Nikimwona mtu wa ukoo sokoni, nageuza njia. Chakula hakipiti, maombi hayatoki. Na wazo likaniingia kwamba labda wale wanaume walikuwa sahihi, kwamba nimemtupa mtoto wangu kwa wageni. Hilo ndilo lililokuwa likiniua.

Ndipo mkaja nyinyi, watatu wa kikundi hiki. Hamkuleta mahubiri. Mlisema tu, "Twende utuonyeshe alipolala." Tukaenda, mkakaa chini kandokando ya kaburi, mkaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilisimulia mpaka jua likageuka, na nilipofika pale alipokuwa akimwiga mwalimu wake wa hesabu, nikacheka. Nilipoinuka nilijua sijamtupa. Wiki hiyo hiyo nikafunua cherehani.

Namshukuru jirani yangu, ambaye dini yetu si moja. Nawashukuru wale wachimbaji. Nawashukuru nyinyi. Kusamehe, bado sijasamehe, na Mungu nimemwambia hivyo hivyo.

Lakini wenye mabinti walioolewa, na hasa wenye mabinti waliorudi, nawaambia msingojee kikao. Leo ukifika nyumbani mwite, zunguka naye boma, umwonyeshe mahali pake pa kuzikwa kwa kidole mbele ya baba zake wote. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, basi wakatae akiwa hai, wakimtazama machoni.