Fusae wa Kasagami, Aliyeolewa Chini ya Ngazi

Ndugu waombolezaji, watawa wa hekalu hili, na nyote mliopanda mlima asubuhi hii kwa miguu au kwa gari, mimi ni Haruomi Tsujioka, mdogo wake marehemu na kuhani wa jinja ya Kasagami, nyumba ya miungu iliyo hapo juu yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wengi mmeshangaa kuniona ndani ya ukumbi huu wakati keshokutwa ni sikukuu ya mlima, kwa kuwa kuhani aliyekaribia maiti hapiti tena chini ya lango jekundu la jinja mpaka siku hamsini ziishe. Nitalifikia hilo. Naomba mnivumilie nikisoma bila kuinua kichwa, maana tangu juzi najisikia kama mkono uliolaliwa, najua ni wangu lakini siusikii.

Marehemu Fusae alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika nyumba ya makuhani wa Kasagami, akiwa mtoto wa kwanza wa Kuhani Yoshitaka Tsujioka na Bi. Kinu, theluji ikiwa bado imefunga njia, hata ikabidi baba ambebe mkunga mgongoni kutoka kijijini Kamiodani. Mimi nilimfuata mwaka 1956, na tangu siku hiyo alinihesabu kuwa mzigo aliotwishwa bila kuulizwa.

Alianza shule ya msingi hapo Kamiodani Aprili 1958, akaendelea na sekondari mjini Gojo akikaa kwa shangazi, akamaliza Machi 1970. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila walimu walimpa kazi ya kusoma matangazo kila asubuhi, kwa sababu sauti yake ilifika ukutani nyuma bila yeye kuipaza.

Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi, kwani mwezi uliofuata aliajiriwa na kampuni ya mabasi ya watalii mjini Nara, akavaa kofia na glavu nyeupe, akashika kipaza sauti, akawa anawaeleza wageni habari za kila hekalu waliloliendea, na kwenye kona kali za milimani akiwaimbia ili wasitapike. Alifanya hivyo miaka mitano. Aliporudi nyumbani aliendelea na kazi ileile kwa miguu, na kuanzia majira ya kuchipua ya 1976 hadi vuli ya 2022 ndiye aliyewaongoza wageni wa mlima huu, kutoka mahekalu ya bondeni, kupitia msitu wa mierezi, hadi jinja ya kileleni. Miungu na Buddha walikaa pamoja hapa tangu kale, mpaka serikali ya enzi za babu wa babu zetu ilipowatenganisha kwa amri, na mgeni hawezi kujua mpaka unapita wapi, basi wageni walisimama mbele ya Buddha wakapiga makofi kana kwamba wako kwenye jinja, na dada akawafundisha upya kila mara bila kuchoka, akiwaambia, "Kule juu pigeni makofi, mungu ajue mmefika. Hapa chini nyamazeni, Buddha hajalala." Mume wake alikuwa akikunja uso kila aliposikia makofi ukumbini mwake, na dada akimwambia awaache, kwani wamemtukana?

Tarehe 3 Novemba 1975 alifunga ndoa na Kojun Uetsuji, mtoto wa mtawa mkuu wa hekalu hili la Gyokusenji, ambaye leo ndiye mtawa mkuu mwenyewe, na ambaye kwangu amekuwa shemeji asiye na makuu. Kutoka mlango wetu hadi huu wake ni kushuka ngazi za mawe tu, lakini nyumbani tuliona kama dada anahamia ng'ambo, kwa sababu hekalu linaishi kwa kuzika na jinja inakikimbia kifo. Baba hakukataza. Alisema tu mezani kwamba sasa nyumba yetu itanunua chumvi kwa magunia, kwa ile chumvi anayonyunyiziwa mtu akitoka mazishini kabla hajaingia ndani, watu wakacheka, yeye hakucheka.

Walijaliwa watoto wawili, Shunji, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1977, na Chisato, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1982, ambaye amekaa hapa mbele pamoja na baba yake. Shunji alifariki kwa homa tarehe 9 Oktoba 1979, sikukuu ya mlima ikiwa imebakiza siku tatu. Mazishi yake yalifanyika katika ukumbi huu, na baba yetu, aliyempenda mjukuu wake kiasi cha kumbeba akiwa amevaa mavazi ya ibada, jambo ambalo kuhani halifanyi, alishuka ngazi mpaka kwenye geti la hekalu, akasimama hapo amevua kofia, mvua ikimnyeshea, mpaka mazishi yakaisha, kisha akapanda kurudi. Alikuwa na sikukuu ya kuongoza. Hakuna aliyemlaumu, hata dada hakumlaumu, na mwaka uliofuata siku ya sikukuu dada alipanda ngazi na kapu la vitonge vya wali na samaki wa chumvi vilivyofungwa kwa majani mapana ya mti wa mkaki, akawalisha wanaume wote wanaobeba mabegani kijumba cha mungu wa mlima, akawatania wale wanaohema kabla hata hawajakibeba, na hakuacha kufanya hivyo mwaka wowote mpaka alipougua. Baba alifariki mwaka 1994, nami nikashika nafasi yake.

Februari 2023 dada alianza kulalamika maumivu ya mgongo, akadhani ni ngazi, na mwezi wa Aprili hospitalini Kashihara aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akazidiwa tena Agosti mwaka huu. Siku moja ya Septemba nilikwenda kumwona, tukazungumza mambo ya paa la jinja linalovuja, halafu akaniambia, "Haru, mimi nikifa karibu na sikukuu, usije. Kaa na sikukuu yako. Nitakuwa nimeshakufa, sitaona nani kaja na nani hajaja." Nikamwambia sawa. Akatazama dirishani, kisha akasema, "Ila siku ile nilimwona baba pale getini. Nilimsubiri aingie. Ilikuwa hatua moja tu." Baada ya hapo aliomba maji, nikampa, na hatukulizungumza tena.

Alifariki tarehe 8 Oktoba 2024, mume na binti yake wakiwa kando ya kitanda, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Nilipowaambia wazee wa jinja kwamba nitaingia mazishini, Mzee Tokuji, ambaye ni kiongozi wa wabebaji na aliniona nikizaliwa, alinieleza kwa heshima zote kwamba tangu nyumba yetu ianze kushika ukuhani hakuna aliyeiacha sikukuu, na kwamba nikivuka kizingiti cha ukumbi huu wazee watakaa baada ya sikukuu waamue kama nafasi yangu bado ni yangu. Nilimjibu nimeelewa. Jana jioni, kwenye mkesha, nilivuka. Nilifika mbele ya jeneza, na mikono yangu, iliyozoea jinja tangu utotoni, ikapiga makofi mawili kwa nguvu ndani ya hekalu kimya, watu wote wakageuka. Niliona aibu sana. Shemeji aliniwekea mkono begani akasema, "Acha. Angecheka huyu mpaka akohoe." Naamini hivyo, ingawa mimi sikuweza kucheka wala kulia, na sijalia mpaka sasa, nasema wazi kwa kuwa baadhi yenu mmeniuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa zamu waliokubali awafundishe nyimbo za basi, inawashukuru waongozaji wenzake wa mlima waliogawana wageni wake bila kugombana, inawashukuru majirani waliopika na kufagia tangu juzi. Halafu hapa nimeandika hivi, nasoma kama ilivyo, familia inawaelewa wabebaji wa kijumba cha mungu, ambao hawakuweza kufika kwa kuwa wanajitunza wawe safi kwa ajili ya keshokutwa, na jioni ya leo atafika kuhani wa bonde la pili awaongoze badala yangu.

Niliandika hivyo jana. Sasa nimeinua kichwa na ninawaona. Mmekaa pale nyuma, nyote, na makoti yenu meusi, na Mzee Tokuji yuko mbele yenu ameshika shanga za sala. Mzee, aliyevuka kizingiti hiki hawezi kubeba, na hilo wewe ndiye uliyenifundisha.

Kwa mlio mbali ambao hamkusikia, anasema, "Soma, Kuhani. Tumeshaingia."

Basi nasoma. Keshokutwa mungu wa mlima atabaki ndani mwake, kwa sababu Kamiodani nzima haina bega safi la kumtoa, na kuhani wa bonde la pili nitampigia simu asijisumbue. Karatasi imebakiza mstari mmoja, siuoni vizuri, macho yangu yamejaa, ndiyo kwanza yameanza. Nitausema bila karatasi. Dada, uliniambia nisije, nimekuja, na hawa wote wamekuja. Lala kwa utulivu.